Vikao vya kalenda ya kazi vinaonekana mara mbili kwenye simu na havifiki kwenye iPad: nirekebishe wapi?

MratibuRatiba ameuliza:

Habari zenu, ndugu wadau.

Nimekabidhiwa kazi ya kuratibu vikao vya timu ambayo wajumbe wake wametawanyika katika ofisi mbalimbali, na pamoja na kazi hiyo nimerithi mpangilio wa kalenda ambao bado sijaelewa ulivyounganishwa. Kalenda rasmi ya ofisi iko kwenye Outlook, chini ya akaunti ya Microsoft 365. Aliyenitangulia alikuwa pia na akaunti ya Google iliyofunguliwa kwa ajili ya timu, na kwa namna fulani vikao vya Outlook vinaonekana ndani ya Google Calendar. Simu ya kazi niliyopewa ni ya Android na ina akaunti zote mbili. Ninapokuwa kikaoni natumia iPad, na mezani natumia kompyuta.

Shida kubwa ni kwamba vifaa hivi havikubaliani. Kwenye simu, vikao vingi vinaonekana mara mbili. Kikao chetu cha kila Jumanne saa nne asubuhi kilipohamishiwa Alhamisi saa nane mchana, kompyuta ilionyesha mabadiliko papo hapo, lakini simu ikabaki na vikao vyote viwili, na mjumbe mmoja anayefuatilia kalenda kupitia Google aliingia kikaoni siku ya Jumanne akasubiri peke yake. Isitoshe, matukio ninayoyaandika kwenye iPad hayafiki kokote: mimi nayaona, wenzangu hawayaoni, na hata kompyuta yangu mwenyewe haiyaonyeshi. Tena kuna washirika wa nje ambao wanahitaji kujua ni saa zipi tuna nafasi, bila kuona tunakutana na nani wala tunazungumzia nini.

Nilifikiria kufuta nakala zilizozidi moja baada ya nyingine kwa mkono, lakini nahofia kufuta kikao chenyewe na kusababisha watu wote wapelekewe barua za kughairi. Naomba mnielekeze nianzie wapi, na ni mpangilio upi utakaodumu bila kuhitaji kukarabatiwa kila wiki. Watu wanapanga safari zao na siku zao kwa kuitegemea kalenda hii, na nisingependa waendelee kuitilia shaka.

FundiSeva amejibu:

Ndugu mratibu, kwanza usifute chochote. Hofu yako ina msingi, kwa sababu mwandalizi wa kikao anapokifuta kwenye kalenda halisi, waalikwa hupelekewa taarifa ya kughairiwa. Kabla ya kugusa kitu ni lazima ujue kipi ni kikao chenyewe na kipi ni nakala tu.

Zipo njia tatu za kuifikisha kalenda moja mahali pa pili, na siku ya kwanza zote tatu hutoa matokeo yanayofanana kabisa, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuhamisha kalenda kuwa faili la ICS, yaani faili la maandishi lenye matukio ya kalenda, kisha kuliingiza kwenye programu nyingine. Faili hilo ni kama picha iliyopigwa: linaonyesha hali ilivyokuwa dakika ile, na lolote linalobadilika baadaye halitaonekana humo kamwe. Njia ya pili ni kujisajili kwenye kiungo cha kalenda. Hapa programu inayopokea hukirudia kiungo hicho kila baada ya muda, ikasoma upya kilichomo na kukionyesha. Huwezi kuhariri chochote kupitia njia hii, na mwenye kuamua kasi ya kusoma upya ni yule anayepokea. Google Calendar inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kukisoma tena kiungo cha nje, na kubonyeza kitufe cha kuonyesha upya hakuiharakishi. Njia ya tatu ni kuongeza akaunti yenyewe kwenye kifaa, ili kifaa kizungumze moja kwa moja na seva ambako kalenda inakaa. Hapo mawasiliano ni ya pande mbili: ukiandika kwenye simu, seva inapokea, na vifaa vingine vyote vinapata. Programu za kalenda zilizomo kwenye simu huunganishwa na Microsoft 365 aghalabu kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Exchange ActiveSync, Exchange ikiwa mfumo wa Microsoft wa barua pepe na kalenda za ofisi, ilhali Google, iCloud ya Apple na seva za watu binafsi kama Nextcloud zinakubali CalDAV, itifaki iliyochapishwa mwaka 2007 kama RFC 4791, mojawapo ya hati za viwango vya mtandao.

Muundo wa ICS ni wa zamani zaidi. Uliwekwa rasmi mwaka 1998, ukaandikwa upya mwaka 2009 katika RFC 5545, na karibu kila programu ya kalenda inausoma. Naamini umaarufu huo ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa faili likishafunguka bila kulalamika, mtu hudhani kazi ya kusawazisha imekwisha.

Kwa maelezo yako, kwenye akaunti ya Google kuna vikao vilivyoletwa ama kwa faili ama kwa kiungo, na simu ina akaunti ya Outlook pia, kwa hiyo inaonyesha kile cha asili na nakala yake. Ili kujua ni faili au ni kiungo, fungua Google Calendar kwenye kivinjari cha kompyuta, si kwenye simu, kisha ubonyeze kile kikao cha Jumanne ambacho hakipaswi kuwepo. Kama kinatoka kwenye kalenda iliyoorodheshwa chini ya kalenda nyingine na hakikubali kuhaririwa, hicho kimeletwa na kiungo, na kilitakiwa kujirekebisha chenyewe baada ya saa kadhaa au siku. Kama kinakubali kuhaririwa na hakina orodha ya waalikwa, ingawa unajua kikao hicho kina wajumbe wengi, basi kiliingizwa kwa faili. Google haileti waalikwa wakati wa kuingiza faili, na huo ndio mwongozo wako mzuri kuliko wote: nakala haina watu ndani yake, bali kikao chenyewe kina mwandalizi, waalikwa na majibu yao.

Ukitaka kuona kwa macho yako, hamisha kalenda hiyo ya Google kuwa faili na ulifungue kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi. Kila tukio linaanza na mstari wa BEGIN:VEVENT na kuishia END:VEVENT. Ndani yake kuna UID, ambayo ni kitambulisho cha tukio. DTSTART, ambayo ni saa ya kuanza. Na RRULE, ambayo ni kanuni ya kujirudia. Tafuta kikao chako kwa jina. Kama RRULE bado ina BYDAY=TU, maana yake Jumanne, wakati kwenye Outlook kikao kiko Alhamisi, umeipata nakala iliyobaki nyuma.

Usafi wenyewe hauna ugumu mkubwa. Hifadhi kwanza faili ulilolihamisha, liwe akiba. Kama nakala ziliingizwa kwenye kalenda yake pekee ndani ya Google, ifute kalenda hiyo nzima kwenye mipangilio. Haina uhusiano wowote na Outlook, na kwa kuwa haina waalikwa hakuna atakayepelekewa taarifa. Kama zilichanganywa na matukio mengine kwenye kalenda kuu ya akaunti hiyo, itakubidi uziondoe kwa mkono, kwani hakuna kitufe cha kutengua uingizaji. Kwa vikao vinavyojirudia chagua kufuta matukio yote ya mfululizo, na idadi ya kubonyeza itapungua sana.

Kuhusu mjumbe aliyesubiri peke yake, usimwongezee kiungo kingine. Mwalike kwenye kikao chenyewe kwa anwani yake ya barua pepe, hata kama yeye anatumia Google na nyinyi mnatumia Outlook. Mwaliko husafiri ndani ya barua pepe kwa utaratibu unaoeleweka na pande zote mbili, na mwandalizi akihamisha saa, mwaliko mpya hubadilisha ule wa zamani kwenye kalenda ya mwalikwa. Wengi hutafuta njia za kushiriki kalenda nzima wakati wanachohitaji ni kumwalika mtu ipasavyo.

MezaYaMsaada amejibu:

Naunga mkono maelezo ya hapo juu, nami naongeza upande wa vifaa, kwa sababu hata ukisafisha Google leo, nakala zinaweza kurudi kesho zikitokea ndani ya simu yenyewe.

Kwenye Android, programu ya Outlook ina hifadhi yake. Ndani ya mipangilio yake, chini ya akaunti, kuna chaguo la kusawazisha kalenda na simu. Ukiliwasha, vikao vya Outlook vinaandikwa kwenye kalenda ya simu, na programu nyingine, ikiwemo Google Calendar, zinavionyesha. Sasa, kama mtu ameongeza pia akaunti ileile ya ofisi kupitia mipangilio ya simu au kupitia programu ya Gmail, vikao hivyo vinaandikwa mara ya pili. Chagua njia moja na uizime nyingine. Mimi hupendekeza kubaki na programu ya Outlook pekee pale ambapo ofisi inatumia Microsoft 365, kwa kuwa hata majibu ya waalikwa, vyumba vya mikutano na kalenda za wenzako huonekana humo bila kupungukiwa.

Hapo hapo ufahamu jambo linalowatatiza wengi. Programu ya Google Calendar kwenye simu huonyesha kalenda za akaunti ya Google pamoja na zile zilizohifadhiwa kwenye simu, lakini ukurasa wa Google Calendar kwenye kivinjari huonyesha zile za Google peke yake. Ukiona kikao kwenye programu ya simu na usikione kwenye kivinjari, hakijapotea. Kinatoka kwenye akaunti nyingine iliyomo ndani ya simu.

Kwenye iPad, naamini tatizo lako ni kalenda chaguomsingi. Tukio jipya likiandikwa bila kuchagua kalenda, huenda kwenye ile iliyowekwa kuwa chaguomsingi, na mara nyingi hiyo ni ya iCloud, ambayo wenzako hawana njia ya kuiona. Fungua mipangilio ya Kalenda, tafuta sehemu ya kalenda chaguomsingi, na uchague ile ya akaunti ya ofisi. Kama akaunti ya ofisi haimo kabisa kwenye orodha, iongeze kwanza kama akaunti ya Microsoft Exchange. Matukio uliyokwisha kuandika unaweza kuyahamisha: fungua tukio, bonyeza kuhariri, kisha kwenye mstari wa kalenda uchague ya ofisi badala ya ile ya iCloud.

Ikiwa unalazimika kuiweka akaunti ya Google kwenye iPad pia, kalenda ulizoshirikishwa na watu wengine hazitaonekana zote kwenye programu ya Apple mpaka uzichague kwenye ukurasa wa Google wa kusawazisha, ambao anwani yake ni calendar.google.com/calendar/syncselect. Pia akaunti ya Google kwenye programu hiyo haisukumiwi mabadiliko na seva. Kifaa ndicho kinachokwenda kuyachukua kwa vipindi, na vipindi hivyo vinapangwa kwenye sehemu ya kuleta data mpya. Akaunti ya Exchange yenyewe husukumiwa, ndiyo maana mabadiliko yake huonekana upesi zaidi.

Mambo mawili ya mwisho kwa upande wangu. Kiokoa betri kwenye simu nyingi za Android huzuia programu kufanya kazi chinichini, na kalenda hubaki na hali ya asubuhi mpaka uifungue. Iruhusu programu ya kalenda ifanye kazi bila kikomo hicho. Vilevile, nenosiri la ofisi likibadilishwa, kifaa kinaweza kuacha kusawazisha bila kupiga kelele yoyote. Kuanzia Oktoba 2022, Microsoft ilianza kuzima kwenye Exchange Online ule utaratibu wa zamani wa kuingia kwa jina na nenosiri tupu, kwa hiyo akaunti iliyowekwa miaka mingi kwenye kifaa cha zamani ni vema iondolewe na kuwekwa upya, ukurasa wa kuingia wa ofisi ujitokeze, na uthibitishe humo.

Baada ya hapo fanya jaribio. Andika tukio moja kwenye kila kifaa, ulipe jina la kifaa chenyewe, kisha ufungue Outlook kwenye kivinjari. Kile ambacho kivinjari kinaonyesha ndicho kilichopo kwenye seva. Tukio la kifaa lisipoonekana hapo, kifaa hicho ndicho chenye tatizo, na hutahitaji kubahatisha.

KaziMbili amejibu:

Kwa uzoefu wangu kuna njia fupi kuliko zote hizi. Zipo huduma za mtandaoni zinazounganishwa na akaunti ya Outlook na ya Google kwa wakati mmoja, zikanakili kila tukio kutoka upande mmoja kwenda wa pili ndani ya dakika chache. Mtu aliye na waajiri wawili, au aliye na kalenda ya kazi na ya familia, hupata nafuu kubwa, maana saa iliyochukuliwa upande mmoja huzibwa na upande wa pili. Mratibu angeweza kuendelea kutumia Google na Outlook zote mbili bila kulazimika kuchagua.

MlinziTaarifa amejibu:

Ndugu KaziMbili, njia hiyo inafanya kazi, na kwa mtu anayesimamia kalenda zake mwenyewe sina neno. Ila kwa hali ya mratibu ningeomba asiifuate kabla ya kuzungumza na msimamizi wa mfumo wa ofisi yake. Ili huduma ya namna hiyo ifanye kazi, ni lazima ipewe ruhusa ya kusoma na kuandika kalenda nzima, na kalenda ya kazi si orodha ya saa tu. Ndani yake mna majina ya wateja, anwani za barua pepe za waalikwa, viungo vya mikutano ya video pamoja na namba zake za siri, na viambatisho. Taarifa hizo si mali ya mratibu peke yake, na ruhusa hiyo hubaki hai mpaka mtu akumbuke kuiondoa. Ofisi nyingi huzuia kabisa ruhusa za aina hiyo, na zina sababu.

Isitoshe, huduma ya kunakili hutengeneza matukio mapya upande wa pili, yenye vitambulisho vyake. Ikikatika katikati ya safari, mratibu atabaki na nakala zisizo na mwenyewe, yaani hali ileile anayojaribu kuiondoa sasa.

Nikija kwenye swali la washirika wa nje, hitaji lao ni dogo kuliko linavyoonekana, na Outlook tayari inalitosheleza. Unaposhiriki kalenda na mtu, unachagua kiwango: aone tu wakati gani una shughuli, aone na mada pamoja na mahali, aone maelezo yote, au aweze kuhariri. Google Calendar nayo ina ngazi nne, kuanzia kuona nafasi bila maelezo mpaka kusimamia ruhusa za wengine. Kwa watu wa nje usizidi ngazi ya kwanza. Ukimshirikisha mtu kwa anwani yake, unaweza kumwondoa yeye peke yake siku mkataba utakapokwisha, bila kuwasumbua wengine.

Kuna njia ya pili, ya kuchapisha kalenda kwa kiungo. Kwenye Outlook ya kivinjari ipo kwenye mipangilio ya kalenda, sehemu ya kalenda zinazoshirikiwa, nako pia unachagua kiwango cha maelezo kabla ya kupewa kiungo. Google ina anwani ya siri ya muundo wa iCal (jina lingine la ICS) kwa kila kalenda. Nawasihi wote wanaotumia viungo hivi wavitunze kama wanavyotunza nenosiri. Havidai mtu ajitambulishe; yeyote mwenye kiungo anasoma, hata kama alitumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine, nawe hutajua. Ile anwani ya siri ya Google inaonyesha maelezo yote ya matukio, kwa hiyo haifai kabisa kupewa mtu wa nje. Na kwa kuwa ndugu mratibu amerithi mpangilio huu, ningemshauri aangalie leo ni viungo gani vilivyo hai. Ukibatilisha kiungo cha Outlook au kuweka upya anwani ya siri ya Google, kile cha zamani kinaacha kufanya kazi mara moja.

Angalia pia orodha ya watu waliowahi kupewa ruhusa. Aghalabu humo utawakuta waliokwisha kuhama idara au kuacha kazi, na wengine bado wana uwezo wa kuhariri.

Na wale wanaoweka akaunti ya ofisi kwenye simu zao binafsi wasome vizuri ujumbe unaotokea wakati wa kuiweka. Exchange humpa msimamizi uwezo wa kuamuru kifaa kifutwe kikipotea, na kulingana na ofisi ilivyopanga mambo yake, amri hiyo inaweza kuhusu akaunti ya kazi tu au kifaa kizima. Android ina wasifu wa kazini unaotenganisha programu za ofisi na za mtu binafsi, na pale ofisi inapouwezesha, ni kinga nzuri kwa pande zote mbili.

MratibuRatiba ameandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefungua kile kikao cha Jumanne kwenye kivinjari nikakuta kweli hakina mwalikwa hata mmoja, na kinakubali kuhaririwa. Kumbe nakala zote ziliwekwa kwenye kalenda ya peke yake ndani ya akaunti ya Google, kwa hiyo nimehifadhi faili la akiba na kuiondoa kalenda hiyo nzima, na hakuna aliyepokea barua yoyote ya kughairi. Kwenye iPad, chaguomsingi ilikuwa iCloud kama alivyobashiri MezaYaMsaada. Kwenye orodha ya ruhusa nimewakuta watu watatu ambao hawapo tena kwenye timu, nimewaondoa.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitaja mwanzoni kwa sababu nilidhani ni sehemu ya tatizo hilohilo. Tuna kikao kingine cha kila wiki ambacho kiliandaliwa na mwenzetu aliyeko Tokyo, na waliomo ni wajumbe wa London pamoja nasi. Wale wa London wanasema kwamba kikao hicho kilikuwa saa mbili asubuhi kwao, kisha kuanzia mwisho wa Machi kikawa saa tatu, ilhali mwandalizi anasisitiza kwamba hajagusa kitu. Nimekagua: kipo kimoja tu, kina waalikwa wote, na vifaa vyangu vyote vinaonyesha saa ileile. Je, nacho kina nakala mahali fulani?

FundiSeva amejibu:

Hapana, hicho hakina nakala, na mwandalizi anasema kweli. Usawazishaji wako sasa uko sawa. Hapa kinachofanya kazi ni saa za eneo.

Kikao kinachojirudia hufungwa kwenye saa za eneo moja, kwa kawaida zile za mwandalizi wakati alipokiandika. Ukifungua faili lake utaona karibu na DTSTART maneno kama TZID=Asia/Tokyo, na maana yake ni kwamba kikao ni saa kumi na moja jioni kwa saa za Tokyo, wiki zote, mwaka mzima. Kila programu huikokotoa saa hiyo kwa mujibu wa mahali msomaji alipo. Tokyo haibadilishi saa zake, lakini Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa baridi Tokyo iko mbele ya London kwa saa tisa, kwa hiyo saa kumi na moja jioni ya huko ni saa mbili asubuhi ya London. Wakati wa kiangazi tofauti hushuka kuwa saa nane, na kikao kilekile huangukia saa tatu asubuhi. Kalenda imefanya hesabu yake kwa usahihi. Wajumbe ndio hawakukubaliana kwamba Tokyo iwe kipimo.

Hakuna mpangilio utakaokifanya kikao kibaki saa ileile kwa pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja unahama na mwingine hauhami. Lazima muamue ni akina nani watakaosogea. Kama wajumbe wengi wako London na asubuhi yao ndiyo imebanwa zaidi, kifungeni kikao kwenye saa za London, na wa Tokyo wajue kwamba wakati wa baridi kitakuwa saa kumi na moja jioni kwao na wakati wa kiangazi saa kumi. Outlook na Google Calendar zote zina sehemu ya kuchagua saa za eneo za tukio lenyewe, karibu na pale unapoandika saa ya kuanza. Wengi hawaioni kwa kuwa hujazwa yenyewe kwa saa za eneo la kifaa. Mtu anayesafiri na kuandaa kikao akiwa ugenini aikague kila mara, la sivyo mfululizo mzima utafungwa kwenye mji aliopitia siku mbili.

Ningeonya pia dhidi ya kujaribu kurekebisha kwa kusogeza kila kikao kimoja kimoja kwa saa moja. Kila badiliko la namna hiyo huhifadhiwa kama tukio la kipekee lililotoka nje ya kanuni ya mfululizo, na Oktoba itakapofika, hayo yote yatalazimika kurudishwa tena kwa mkono, huku baadhi ya programu zikiyasoma vibaya na kukuletea nakala mpya.

Utaratibu ulio safi ni kuanza mfululizo mpya. Mwandalizi aufungue ule wa sasa, auwekee tarehe ya mwisho iwe kikao cha wiki hii, kisha atume mwaliko mpya unaoanzia wiki ijayo, ukiwa umefungwa kwenye saa za London na maelezo yake yakitaja hivyo waziwazi. Asiufute mfululizo wa zamani wote, kwa sababu vikao vilivyopita vitatoweka kwenye kalenda za waalikwa pamoja na maelezo na viambatisho vilivyomo. Na kazi hiyo aifanye mwandalizi mwenyewe kwenye akaunti yake ya Tokyo. Ukiifanya wewe kwa kunakili kikao hicho kwenye kalenda yako, majibu ya waalikwa yatagawanyika sehemu mbili.